Mlango mwekundu Kiamunyi: je, rangi ya mlango wa mbele ina maana gani?

SWALI: Mtaalamu, hujambo? Tumemaliza kujenga nyumba yetu Kiamunyi, Nakuru, na mwezi uliopita nilimaliza pia kulipa mkopo wa sacco. Nimesoma kwenye intaneti kwamba kule Uskoti mtu akimaliza deni la nyumba hupaka mlango wa mbele rangi nyekundu, nami nikatamani kufanya hivyo. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Siaya, anasema mlango mwekundu ni mlango wa damu. Fundi anataka tupake nyeusi kama watu wengine. Shemeji anasema bluu hufukuza wadudu. Mlango ni wa chuma, unatazama magharibi, na kwa sasa una redi oksaidi tu, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Je, rangi hizi zina maana ya kweli? Wewe ungepaka ipi?

JIBU: Dada yangu, pole kwa ubishi wa nyumbani, na hongera kwa kuimaliza sacco, maana wengi wetu sacco ndiyo hutumaliza sisi kwanza. Nitakupa jibu mapema ili usome mengine ukiwa umetulia: rangi ya mlango haizaliwi na maana, bali hupewa maana na wale wanaopita mbele yake kila siku, na wanaopita mbele ya mlango wako ni watu wa Kiamunyi na jamaa wa Siaya, si Waskoti. Hata hivyo ningepaka nyekundu. Ila si nyekundu hiyo unayoifikiria, na nitaeleza sababu.

Hadithi ya Uskoti nimeisikia mara nyingi, na kila msimulizi huianza kwa neno "inasemekana". Ni masimulizi ya kupendeza, na yamesafiri mbali kwa sababu yanamfurahisha mtu aliyemaliza kulipa. Lakini nyuma yake hakuna sheria wala amri ya benki iliyowahi kumtaka mtu atangaze hali ya deni lake kwa brashi. Huko Marekani mlango uleule mwekundu hupewa sababu nyingine kabisa. Wapo wanaosema ulimwonyesha msafiri aliyechoka kwamba nyumba hiyo hupokea wageni, na wapo wanaosema uliwaonyesha watumwa waliotoroka kuelekea kaskazini mahali pa kujificha. Hebu lifikirie hili la mwisho: mtu anayewaficha watoro, akijua vyema kwamba akigunduliwa atashtakiwa, achague kupaka mlango wake rangi inayoonekana tangu mwisho wa barabara? Rangi moja ikipewa sababu tatu zisizofanana, mimi huamini kwamba rangi ilitangulia na hadithi zikaifuata.

Utakutana pia na hesabu ya Zillow, kampuni ya Marekani ya kutangaza nyumba, ambayo mwaka 2018 ilisema kwamba nyumba zenye mlango wa mbele mweusi au wa kijivu cha makaa ziliuzwa kwa takriban dola 6,271 zaidi ya bei iliyotarajiwa. Fundi wako akiipata hiyo ataibandika ukutani. Lakini mwenye nyumba anayejali mlango wake kiasi hicho huwa ameshajali na paa, bustani na taa za nje, kwa hiyo ni vigumu kuupa mlango peke yake sifa ya dola zote hizo. Na mnunuzi wa Kiamunyi, kabla hajautazama mlango, huuliza hati ya ardhi, maji, na hali ya barabara wakati wa mvua.

Mahali ambapo rangi ya mlango ilikuwa na maana kamili, isiyo na "inasemekana", ni China, kwa kuwa serikali yenyewe ndiyo iliyoiandika maana hiyo. Katika enzi ya Ming, kati ya 1368 na 1644, sheria zilipanga rangi ya mlango kwa kufuata cheo: jamaa wa mfalme walikuwa na milango myekundu, na kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo mlango ulivyogeuka kuwa wa kijani, kisha mweusi. Ndiyo maana katika Kichina "milango myekundu" ni namna ya kuwataja matajiri. Sheria ile imekwisha, lakini nyekundu imebaki kuwa rangi ya heri, na kila mwaka mpya wa Kichina watu hubandika karatasi nyekundu zenye maandishi ya baraka kwenye miimo ya milango yao.

Uingereza nako mlango maarufu kuliko yote, ule wa Namba 10 Downing Street, ni mweusi, na watu husema weusi wake ni ishara ya mamlaka. Mwaka 1908, waziri mkuu akiwa H. H. Asquith, mlango huohuo ulipakwa kijani kilichokolea, na serikali haikuanguka. Baadaye ulirudishwa kuwa mweusi, na baada ya shambulio la makombora la 1991 ule wa mbao uliondolewa ukawekwa wa chuma, kama wako. Hata matofali ya nyumba ile kwa asili ni ya manjano. Moshi wa London uliyafanya meusi, na yaliposafishwa ilibidi yapakwe rangi nyeusi kwa sababu watu walikuwa wamezoea kuyaona hivyo. Ninaipenda habari hiyo kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha jinsi mazoea yanavyoweza kuvaa joho la maana.

Sasa turudi nyumbani. Ukitaka kujua ni rangi zipi zina uzito kwetu, anza na lugha. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazojigeuza kufuata jina: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema mlango mweupe, mlango mweusi, mlango mwekundu. Lakini tukifika kwenye nyingine tunalazimika kusema mlango wa kijani, wa samawati, wa manjano, wa zambarau, kana kwamba rangi hizo tumeziazima. Na kweli tumeziazima: kijani kutoka kwa jani, kijivu kutoka kwa jivu, kahawia kutoka kwa kahawa, manjano kutoka kwenye kiungo cha mchuzi, zambarau kutoka kwenye tunda ambalo hapa Kenya wengi huliita jamna, na samawati kutoka kwenye mbingu za Waarabu. Katika Kijaluo cha mama mkwe wako pia zipo rachar, rateng' na makwar, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wataalamu wawili wa lugha, Berlin na Kay, walipolinganisha lugha za mataifa mengi mwaka 1969, waliona kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hizo hizo tatu.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu linamtetea mama. Rangi zilizokuja juzi ndani ya kopo hazina historia ndefu kwetu, na unaweza kupaka zambarau bila kumsumbua babu yeyote. Hizi tatu ni za kale. Kabla ya makopo, wanawake wa magharibi mwa Kenya walizitandaza kwa mikono yao kwenye kuta za udongo: udongo mwekundu, udongo mweupe, na mstari mweusi chini ya ukuta uliotokana na masizi au, siku za karibuni zaidi, unga wa betri kuukuu za redio. Mtu aliyelelewa karibu na ukuta wa namna hiyo anaposema kwamba nyekundu ni damu, haoti wala hakutishi.

Basi usimjibu mama mkwe kwa Uskoti. Ukimwambia kwamba Wazungu fulani hupaka nyekundu wakimaliza deni, atakuuliza kwa nini deni lako litangazwe kwa majirani, na hapo mimi nitakuwa upande wake. Mkumbushe badala yake mlango mwekundu anaoujua tayari. Katika Kutoka sura ya 12, damu ya mwanakondoo ilipakwa kwenye miimo miwili na kwenye kizingiti cha juu, na nyumba zilizokuwa na alama hiyo ndizo zilizopitwa na pigo. Ni damu, naam, lakini ni damu iliyofunga mlango dhidi ya mauti. Sisemi umhubirie, mama wa Siaya huenda anakijua kitabu hicho kuliko sisi sote. Ninachosema ni kwamba hata ndani ya usomaji wake mwenyewe nyekundu ina nyuso mbili, na ni afadhali mzungumze kuhusu nyuso hizo kuliko kurushiana "intaneti inasema" na "wazee walisema".

Tena kuna jambo ambalo huenda yeye mwenyewe atakufafanulia ukimuuliza kwa adabu. Katika boma la Kijaluo, uzito haukuwa kwenye rangi ya mlango bali kwenye mahali mlango ulipo na unakotazama: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hukaa mkabala na rangach, yaani lango kuu, na nyumba nyingine hupangwa kuanzia hapo. Pia Wajaluo hutofautisha ot, nyumba, na dala, yaani nyumbani kwa asili. Tofauti hiyo ilifika hadi mahakamani katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, iliyoisha mwaka 1987 kwa yeye kuzikwa Nyalgunga, Siaya, ingawa alikuwa ameishi Nairobi kwa miaka mingi. Kwa kipimo hicho, nyumba yenu ya Kiamunyi ni ot. Mama anaweza kukubali rangi kwenye ot ya mjini ambayo asingeivumilia kwenye dala, na ukimwonyesha kwamba unaijua tofauti hiyo, nusu ya ubishi itakuwa imekwisha kabla hujafungua kopo.

Ipo nyekundu nyingine ambayo intaneti haikukutajia, nayo kila mwenye nyumba Kenya anaijua: ile herufi X inayopakwa haraka haraka kwenye ukuta au geti la nyumba inayodaiwa kukaa kwenye hifadhi ya barabara au ya reli, kumaanisha kwamba tingatinga liko njiani. Nilipokuwa nikifanya kazi Kisumu, mama mmoja mwenye duka dogo alinituma nimchagulie rangi ya mlango. Nilimletea kopo la nyekundu inayong'aa, nikalifungua mbele yake, nikakoroga kwa kijiti na kukiinua ili aone jinsi rangi inavyodondoka. Alikitazama kile kijiti, akautazama ukuta wa jirani ambako X ilikuwa bado haijafifia, akafunika kopo kwa mkono wake mwenyewe. Hakusema neno kuhusu damu wala mashetani. Aliniambia tu, "Hiyo nimeshaiona." Tangu siku hiyo sipendekezi nyekundu kali kwa mlango unaotazama barabara kubwa, hata mteja akiwa na hati zote mkononi.

Rangi nyingine nitazipitia kwa haraka. Kijani kinachong'aa, ukikipaka kwenye mlango unaoonekana kutoka barabarani, kitakuletea wateja usiowahitaji, maana tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 macho yetu yamezoea kusoma kijani kama mahali pa kutoa pesa. Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Nakuru aliniita tubadilishe mlango wake baada ya kubishiwa hodi na watu wenye simu mkononi wakati wa chakula cha mchana. Kwa jirani Mwislamu, kijani hichohicho kina heshima ya dini, na hapo sina la kuongeza. Rangi ya machungwa ilikuwa ya machungwa tu hadi kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo upande wa "La" ulipewa alama ya chungwa na wa "Ndiyo" alama ya ndizi. Tangu hapo, mlango wa rangi hiyo Kisumu husalimiwa kwa furaha, na Nakuru, kutegemea mtaa na msimu wa uchaguzi, huweza kuulizwa maswali. Manjano nayo sasa imeingia kwenye siasa, na vyama vikibadilika itatoka. Katika nyumba za Wahindi wa Kisumu na Nakuru utaona kwamba mlango wenyewe unaweza kuwa wa rangi yoyote, lakini baraka huwekwa juu yake: toran, yaani shada la majani ya mwembe au la kitambaa, iliyotundikwa kwenye kizingiti cha juu, na alama nyekundu wakati wa Diwali. Nyeupe ni safi siku tatu. Baada ya hapo, kwa vumbi la Nakuru na mikono ya watoto, huwa kumbukumbu.

Nyeusi ya fundi ina sababu nyepesi kuliko mamlaka. Glosi nyeusi, yaani rangi ya mafuta inayong'aa, hupatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, huficha alama za kuchomelea ambazo msasa haukuzifikia, na nusu kopo inayobaki kwako itapaka geti la mteja wake anayefuata. Simlaumu, ni hekima ya kazi. Lakini "kama watu wengine" katika lugha ya fundi humaanisha "kama kopo nililo nalo".

Kuhusu bluu na wadudu, shemeji yako ameokota kipande cha habari ya kweli akakigeuza kichwa chini. Katika pwani ya South Carolina na Georgia kule Marekani, Wagullah, ambao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, hupaka milango, madirisha na dari za baraza rangi ya bluu hafifu ili kuzuia mizimu isiingie. Zamani rangi hiyo ilihusishwa na nili iliyolimwa kwenye mashamba ya eneo hilo. Baadaye watu waliona haya kutaja mizimu, wakasema ni nyigu na nzi. Huku kwetu tunajua zaidi kuhusu wadudu na bluu, na tunachojua ni kinyume chake: mitego ya mbung'o, kama ile iliyotumika bonde la Lambwe kule Homa Bay, hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na bluu. Kiamunyi haina mbung'o, kwa hiyo usiogope. Na mbu wa malaria, ambaye huuma usiku, hasubiri kukuuliza mlango wako ni wa rangi gani gizani. Yeye mnunulie chandarua. Ukiipenda bluu kwa uzuri wake, kama wanavyoipenda watu wa Sidi Bou Said kule Tunisia, ambao milango yao ya bluu kwenye kuta nyeupe hutembelewa na watalii, ipake kwa uzuri wake.

Jambo ambalo hakuna aliyekutajia katika ubishi wenu wote ni jua, na kwa mlango wa chuma unaotazama magharibi, jua lina kauli kubwa kuliko mama mkwe. Nakuru na Kisumu zote mbili ziko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua la alasiri hupiga magharibi mwaka mzima bila likizo. Nakuru, kwenye mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, ina upepo wa kukusaidia. Kisumu, kwenye mita kama 1,130, haina huruma hiyo. Kule Mamboleo nilipaka mlango mmoja wa chuma rangi nyeusi, unatazama ziwa, kazi safi kabisa, nikapigwa picha nao. Niliporudi baada ya miezi miwili, saa kumi alasiri, nilikuta kipande cha leso kimezungushwa kwenye mpini na kufungwa fundo. Nikadhani ni pambo. Mtoto wa nyumba hiyo akanionyesha: alishika ile leso, akavuta mlango, akaniambia nisiguse chuma. Niliweka kiganja juu ya chuma cha mlango nikakiondoa kabla sijahesabu mbili. Tuliupaka upya rangi ya kijivu hafifu kwa gharama yangu, na ile leso ikarudi jikoni.

Rangi iliyokolea hunywa joto, hafifu hulirudisha. Hilo unalijua kutokana na nguo. Lisilojulikana sana ni kwamba jua hilohilo hula rangi zenyewe kwa viwango tofauti. Nyekundu nyingi kali zinazong'aa hutengenezwa kwa viambato ambavyo mwanga huvivunja, kwa hiyo mlango wako wa Uskoti, baada ya misimu michache ya jua la Kiamunyi, ungeanza kuwa wa waridi, na kuuparuza kwa ukucha kungekuachia unga kidoleni. Halafu nyekundu ya namna hiyo haifuniki vizuri: huhitaji mikono mitatu au minne, yaani kupakwa mara tatu au nne, kabla madoa ya chini hayajapotea.

Ndiyo sababu ninakushauri ile tunayoiita damu ya mzee. Ndiyo, najua, jina lake halitamsaidia mama mkwe, na ukipenda mwambie ni rangi ya udongo, kwa maana huo nao ni ukweli. Nyekundu zilizoiva za aina hiyo, zikitengenezwa kwa oksaidi ya chuma, zina kiambato kilekile kinachoupa murramu wa barabara yenu wekundu wake, na kilekile kilicho ndani ya redi oksaidi ambayo fundi ameshaipaka. Oksaidi hiyo ni chuma kilichokwisha kupata kutu, kwa hiyo jua halina tena la kukifanya. Vumbi jekundu likitua juu yake halionekani. Inafunika kwa mikono miwili. Kwa mbali husomeka kama kahawia yenye heshima, na kwa karibu, mwanga wa jioni ukiipiga, ndipo nyekundu yako hujitokeza, wewe uliyelipa deni ukaiona. Ina joto kuliko kijivu hafifu, siwezi kukuficha, lakini kwa hewa ya Nakuru, na kama mna baraza au hata kivuli kidogo cha bati juu ya mlango, mtaishika bila leso. Kama hamna kivuli chochote, jengeni kwanza hicho kivuli.

Ukifika dukani, soma maandishi ya kopo na uulize kama rangi haina madini ya risasi. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi, na zilizokuwa zikikivuka kikomo hicho mara nyingi zilikuwa rangi za mafuta zinazong'aa, hasa manjano, machungwa na nyekundu, kwa sababu viambato vyake vya kale vilikuwa vya risasi. Mlango hushikwa na watoto na rangi yake hubambuka karibu na kitasa, mahali ambapo vidole hufika kisha vidole hivyo vikafika mdomoni. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, hata likiwa rahisi, liache hapo hapo.

Kipimo ni kidogo kuliko atakachokuambia fundi. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 una eneo la karibu mita 1.9 za mraba kila upande, yaani chini ya mita 4 pande zote mbili, na mikono miwili ni chini ya mita 8. Lita moja ya glosi, inayofunika takriban mita 10 au zaidi kwa mkono mmoja, itatosha pamoja na fremu na kubaki kidogo ya kurekebisha mikwaruzo. Akikuagiza lita nne, muulize nyumba ya nani nyingine inapakwa.

Asipake glosi moja kwa moja juu ya redi oksaidi ambayo imekaa wazi tangu ujenzi. Vumbi na mvua zimeshaingia humo, na penye alama za kuchomelea kutu imeshaanza kuchungulia. Apige msasa hadi uso wote uwe laini kwa mguso, akwangue kutu hadi chuma kiwe cheupe, afute kwa kitambaa chenye tapentaini, arudishie redi oksaidi pale palipokwanguliwa, kisha andakoti, yaani rangi ya kutangulia glosi, kisha mikono miwili ya glosi, akiacha kila mkono ukauke usiku kucha. Mfanye kazi hiyo asubuhi. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ya Nakuru hupenda kuja alasiri, na matone yakianguka juu ya glosi mbichi huacha vishimo ambavyo hakuna rangi itakayovificha.

Lakini kabla ya hayo yote, fanya jambo moja wakati mama mkwe angali Nakuru. Mwombe fundi vipande vitatu vya bati vilivyobaki, kila kimoja ukubwa wa daftari la shule, avipake: kimoja nyekundu kali uliyoitaka, kimoja damu ya mzee, kimoja nyeusi yake. Vifungeni kwa waya kwenye mlango na mviache siku tatu. Vitazameni saa mbili asubuhi mlango ukiwa kivulini, saa sita, na saa kumi na moja jioni jua likiwa usoni kabisa, na hiyo saa ya mwisho mvishike kwa kiganja. Mpe mama kiti barazani wakati huo, na chai, na usimwambie kipande kipi ni chako.